Namna ya kupiga hesabu ya saizi ya valvu ya usalama kwenye hita ya gesi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wakuu, habari za kazi. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar 2004, bomba kubwa la kutoka Mtwara likaja kukamilika 2015, na siku hizi vijana wengi wa ufundi wanaingia kwenye mitambo ya umeme, viwandani na vituo vya CNG (gesi iliyoshindiliwa ya magari), na huko kote watakutana na kibadilisha joto cha gesi. Wengine wanakiita hita, wengine kula (yaani cooler), kutegemea kinapasha au kinapoza. Kazi ni ileile, gesi inapita upande mmoja, maji au mafuta au gesi nyingine inapita upande wa pili, na kinachozitenganisha ni ukuta wa tyubu wenye unene wa milimita mbili hivi basi.

Nataka tuelewane jambo moja kabla hatujashika kalkuleta. Fomula ya saizi ya valvu ni rahisi, mtu wa fomu foo anaifanya. Kinachoua watu ni kupiga hesabu safi kabisa ya kesi, yaani chanzo cha presha kupanda, ambayo sio. Nimeshawahi kukuta sheli ya hita (lile ganda la nje linalozizunguka tyubu) yenye valvu nzuri, mpya, cheti kipo, namba zote sahihi, ila aliyepiga hesabu alifikiria moto tu, tyubu kupasuka hakuigusa kabisa. Kwahiyo humu nitakaa sana kwenye kuchagua kesi, fomula itapita haraka.

Mfano tutakaotumia mwanzo mwisho ni huu. Kituo cha kupunguza presha ya gesi kabla ya mtambo wa umeme. Gesi ukiishusha presha inapoa, kama digrii 4 hadi 5 kwa kila bar 10 unazoshusha, ndo maana inapashwa kwanza isije ikagandisha valvu na mabomba huko mbele. Gesi iko ndani ya tyubu, presha ya kazi bar 75 za geji (bila kuhesabu presha ya hewa), presha ya usanifu, yaani ile chombo kilichotengenezewa kuihimili, bar 90, inaingia na nyuzi 30. Sheli imejaa maji ya moto nyuzi 80, presha ya usanifu bar 10. Sheli ina kipenyo cha mita 0.6 na urefu mita 5. Tyubu ni za inchi robo tatu, yaani nje milimita 19.05, ukuta milimita 2.11. Namba hizi nimezipanga mwenyewe kwa ajili ya kufundishia, ila ni za kawaida sana kwenye kazi hii.

Hatua ya 1: kusanya data, na usome kibao cha chombo mwenyewe

Usichukue namba kwenye mchoro wa zamani, nenda kasome kibao kilichopigwa kwenye sheli. Unachotaka pale ni presha ya juu kabisa inayoruhusiwa, upande wa sheli NA upande wa tyubu, hizo ni namba mbili tofauti na watu wanazichanganya. Chukua pia presha ya majaribio, yaani ile chombo kilipimiwa kwa maji kiwandani, kipenyo na unene wa tyubu. Kwa upande wa gesi unahitaji uzito wa molekuli, gesi yetu hii karibu yote ni methani kwahiyo 16.5 inatosha kwa mfano huu, uwiano wa joto mahsusi k ambao nitachukua 1.27, na kigezo cha mgandamizo Z.

Valvu inasetiwa isizidi presha inayoruhusiwa ya chombo. Kwetu sheli ni bar 10, basi seti, yaani presha ya valvu kufunguka, ni bar 10. Kisha kuna kiasi ambacho presha inaruhusiwa kupanda juu ya hapo wakati valvu inatoa, na ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani) wameweka hivi: asilimia 10 kama valvu ni moja, 16 kama ziko zaidi ya moja, 21 kama kesi ni moto wa nje. Kumbuka pia kwenye fomula presha ni kamili, sio ya geji. Ukisahau kuongeza ile bar 1.013 ya hewa unapata jibu lingine kabisa.

Hatua ya 2: jiulize presha itatoka wapi

Hapa ndo pa kukaa. Chukua karatasi, andika kila njia ambayo presha inaweza kuingia kwenye sheli hata kama unaona haiwezekani. Kitabu cha kufuata ni API 521 cha taasisi ya petroli ya Marekani, hicho ndo kinaeleza kesi, halafu API 520 ndo ina fomula. Wengi wanafungua 520 moja kwa moja.

Kwa hita yetu mimi naandika hivi. Maji kufungiwa: mtu amefunga valvu ya kuingia na ya kutoka, maji yamebaki ndani, yanapata joto yanatanuka. Kwa hita ya namna hii gesi ndo ya baridi kwahiyo haitishi sana, ila kwenye kula ya kompresa ambapo gesi inatoka ya moto na maji ndo yanapoza, hii kesi ni ya kweli kabisa, maji yakifungiwa hayana pa kwenda na presha inapanda vibaya. Valvu yake huwa ndogo, ile ya inchi robo tatu kwa inchi moja inatosha mara nyingi, lakini lazima iwepo. Moto wa nje. Halafu tyubu kupasuka. Kwa upande wa gesi wenyewe andika regyuleta ya juu kushindwa kufunga, na njia ya kutokea kuzibwa.

Sasa kwenye tyubu kupasuka kuna kanuni ya kukusaidia kujua kama unatakiwa kuihesabu au la. Ukilinganisha presha ya majaribio ya upande dhaifu na presha ya usanifu ya upande wenye nguvu, kama majaribio ni makubwa au sawa basi kupasuka kwa tyubu hakutaumiza sheli, unaweza kuiacha hiyo kesi. Zamani watu walisema theluthi mbili, kwasababu majaribio yalikuwa mara 1.5 ya usanifu. 1999 ASME walishusha majaribio kuwa mara 1.3, kwahiyo kanuni ikawa kumi kwa kumi na tatu. Ukikuta mtu bado anatumia theluthi mbili kwenye chombo kipya, msimamishe. Kwetu sheli imepimwa bar 13 na tyubu ni za bar 90. Mbali mno. Inahesabiwa, hakuna mjadala.

Hatua ya 3: tuanze na moto, maana ndo rahisi

Maji yanayogusa ukuta wa sheli yanapokea joto. Eneo la nje la sheli yetu ni kama mita za mraba 10 pamoja na vifuniko. API 521 inatoa joto kwa wati = 43,200 × F × A^0.82, hiyo ni kama sakafu ina mfereji unaoondoa mafuta na kuna zimamoto la haraka, A ni eneo kwa mita za mraba, na F ni 1 kama hakuna lagi (koti la kuzuia joto) inayostahimili moto. 10^0.82 ni 6.6, joto linakuja kilowati 285. Kwa asilimia 21 juu ya seti presha ni bar 13.1 kamili, na hapo kuyageuza maji kuwa mvuke kunahitaji kama kilojuli 1,970 kwa kilo. Mvuke unaotoka ni kilo 520 hivi kwa saa, na kwa fomula ya mvuke eneo linalotakiwa ni milimita za mraba 78.

Ni kidogo sana hiyo. Ishike kichwani, 78.

Angalizo kwa wale ambao sheli yao ina gesi tupu bila maji: moto ukilamba ukuta mkavu, chuma kinapanda joto haraka na kupoteza nguvu, na kinaweza kupasuka hata kabla presha haijafika kwenye seti ya valvu. Hapo valvu peke yake haitakulinda, unahitaji lagi ya moto, maji ya kupoza, na njia ya kushusha presha makusudi. Usimdanganye mwenye mtambo kwamba ameshalindwa.

Hatua ya 4: tyubu kupasuka, gesi inaingia kiasi gani

Dhana ni tyubu moja imekatika kabisa, gesi inatoka pande zote mbili za mkato, kwahiyo eneo ni mara mbili ya tundu la tyubu. Tundu letu ni 19.05 kutoa 2.11 mara mbili, inabaki milimita 14.83. Eneo ni 172.7, mara mbili 345.5.

Halafu angalia kama gesi inakimbia kwa kasi ya sauti. Kwa k ya 1.27 mpaka ni 0.55, yaani presha ya kule gesi inakoenda ikiwa chini ya asilimia 55 ya presha ya kule inakotoka, kasi imeshafika kikomo. Kwetu ni 12 kwa 76, iko chini sana. Fomula:

W = A × C × Kd × P × √(M ÷ (T × Z))

W ni kilo kwa saa, A milimita za mraba, P kilopaskali kamili, M uzito wa molekuli, T joto kwa kelvini. C inatokana na k, kwa 1.27 ni 0.0261. Kd ni kigezo cha utokaji, ya mkato wa tyubu mi nachukua 0.7, kampuni nyingi zina namba yao, fuata ya kwenu. Z kwa bar 76 na nyuzi 30 ni kama 0.88. Weka:

W = 345.5 × 0.0261 × 0.7 × 7,601 × √(16.5 ÷ (303 × 0.88)) = kama kilo 11,900 kwa saa.

Karibu tani 12 za gesi kwa saa zinaingia kwenye sheli ya maji ya bar 10. Kutoka tyubu MOJA.

Hatua ya 5: eneo la valvu, na hapa ndo wengi wanateleza

Tukigeuza ileile fomula kutafuta eneo la valvu:

A = W × √(T × Z ÷ M) ÷ (C × Kd × P1 × Kb × Kc)

Kd ya valvu kwa gesi ni 0.975 kwa hesabu za mwanzo, baadae unaweka ya cheti cha mtengenezaji. Kc ni 1, ila kama chini ya valvu kuna diski ya kupasuka (sahani nyembamba inayopasuka presha ikifika kiwango chake) inakuwa 0.9. Kb ni ya presha ya nyuma, ile iliyopo kwenye bomba la kutokea, kwa sasa 1. P1 ni 10 × 1.1 + 1.013, yaani bar 12.01, kilopaskali 1,201. Joto nachukua 353 kelvini, gesi imeshapata moto wa maji, na Z nachukua 1, hayo yote yanaongeza usalama.

Inakuja milimita za mraba 1,806.

Ukifungua jedwali la herufi la API 526, ambapo kila herufi ni eneo la tundu la valvu kwa milimita za mraba, unaona K ni 1,186, L ni 1,841, M ni 2,323. Basi L inatosha, valvu ya inchi 3 au 4, mtu anaandika L anafunga faili anaenda kula.

Subiri kwanza. Sheli imejaa nini? Maji! Ile sekunde ya kwanza tyubu inapokatika, valvu haitoi gesi, inatoa maji, kwasababu gesi inayoingia inayasukuma maji na maji hayagandamiziki. Gesi ikishuka kutoka bar 76 mpaka 12 inapoa kufika kama nyuzi sifuri, uzito wake hapo ni kilo 9 kwa mita ya ujazo, kwahiyo zile kilo 11,900 zinachukua nafasi ya mita za ujazo 1,326 kwa saa. Na maji ya ujazo huohuo ndo yanatakiwa yatoke kupitia valvu, kwa kila lisaa, yaani lita 22,100 kwa dakika. Weka kwenye fomula ya kimiminika:

A = 11.78 × Q ÷ Kd × √(G ÷ presha)

Q ni lita kwa dakika, Kd ya kimiminika ni 0.65, G ni uzito ukilinganisha na maji ya baridi, na ya maji ya nyuzi 80 ni 0.97, presha kilopaskali 1,100 za geji ukitoa nje moja kwa moja. Jibu ni milimita za mraba 11,900 hivi. Herufi R yenye 10,323 haitoshi, unaangukia T yenye 16,774, ambayo ndo ya mwisho kwenye jedwali, inchi 8 kuingia na inchi 10 kutoka.

Tazama sasa. Sheli ileile, valvu ileile: moto 78, gesi 1,806, maji 11,900. Aliyehesabu moto tu ameweka valvu ndogo mara mia na hamsini kuliko inavyotakiwa, na cheti anacho.

Hatua ya 6: kabla hujanunua T, fikiri tena

Mi T siweki hapo. Sio bei tu, ila valvu ya springi inahitaji muda wa kuinuka, na tyubu ikikatika kwenye sheli iliyojaa maji wimbi la presha linasafiri kwa milisekunde. API 521 wanashauri kabisa tofauti ya presha za usanifu za pande mbili ikifika bar 70 na kuendelea ufanyike uchambuzi wa mwendo wa presha kwa muda, sio hesabu hii ya mezani tuliyofanya. Kwetu tofauti ni 80.

Njia mbili zinazofaa ni hizi. Ya kwanza ni diski ya kupasuka kwenye sheli yenyewe, karibu kabisa, bomba lake fupi na nene linaelekea mahali salama, inafunguka haraka kuliko springi. Ya pili, na mimi ndo naipenda kama chombo bado hakijatengenezwa, ni kupandisha presha ya usanifu ya sheli. Ukigawa 90 kwa 1.3 unapata 69.2, weka 70. Ukuta wa sheli, kwa chuma kinachoruhusiwa mkazo wa megapaskali 138, unatoka milimita 2.2 kwenda 15.7 kabla ya kuongeza ya kutu. Ni chuma kingi ndio, ila kesi nzima ya tyubu inaondoka na unabaki na valvu ndogo ya moto.

Ila usijidanganye hapa. Sheli ikiwa ya bar 70 halafu pampu ya maji, tanki la kutanukia na mabomba yote ni ya bar 10, umehamisha tu mahali pa kupasukia. Hesabu inafuata maji mpaka mwisho wa mzunguko.

Hatua ya 7: aina ya valvu na mabomba yake

Valvu ya springi ya kawaida haipendi presha ya nyuma. Ile inayojijenga kwenye bomba la kutokea wakati inatoa isizidi asilimia 10 ya seti, kwetu bar 1. Ikizidi hapo chukua ya mivukuto (bellows) au ya pailoti, ile inayoongozwa na valvu ndogo. Kuna watu wanaunganisha valvu mpya kwenye bomba la kutokea la pamoja bila kurudia hesabu ya presha ya nyuma ya valvu za zamani, jamani rudieni.

Upande wa kuingia, upotevu wa presha kati ya chombo na valvu usizidi asilimia 3 ya seti, bar 0.3. Ukiweka bomba refu jembamba lenye kona tatu, valvu ikifunguka presha mdomoni inaanguka, inafunga, inapanda, inafungua, inadunda hivo mara nyingi kwa sekunde mpaka kiti kinaharibika. Valvu kubwa kupita kiasi nayo inaleta dundo hilohilo, kwahiyo ile tabia ya kuongeza herufi mbili "kwa usalama" sio usalama.

Hatua ya 8: njia ya kufikia valvu ibaki wazi

Tarehe 11 Juni 2008 kiwanda cha Goodyear mjini Houston, Marekani, kibadilisha joto chenye amonia kwenye sheli kilipasuka. Siku moja kabla walifunga valvu ya kuzuia kati ya sheli na valvu ya usalama ili wabadilishe diski, wakasahau kufungua, halafu mvuke ukapitishwa kwenye tyubu kusafisha. Mfanyakazi mmoja alikufa. Miaka 5 baadae, 13 Juni 2013, Geismar, Louisiana, kiwanda cha Williams kilikuwa na kibadilisha joto cha akiba kilichotengwa na valvu yake ya usalama, ndani kumebaki propani bila watu kujua, wakafungulia maji ya moto. Wawili walikufa. Kote huko valvu ya usalama ilikuwepo, ila haikuwa na njia.

Kama lazima uweke valvu ya kuzuia, ifungwe kwa kufuli ikiwa wazi, ufunguo ukae kwa msimamizi wa zamu, na iandikwe kwenye kitabu kila ikiguswa. Bora zaidi valvu mbili za usalama na kigeuzi kinachohakikisha moja iko wazi muda wote.

Na valvu ina mipaka yake. Longford, Australia, 25 Septemba 1998, kibadilisha joto kwenye kiwanda cha gesi kilipoa kupita kiasi baada ya mafuta ya moto kusimama, yaliporudishwa chuma kilichokuwa kimegeuka kama kioo kikapasuka, wawili wakafa. Presha haikuwa tatizo pale kwahiyo valvu ya saizi yoyote isingesaidia. Hita yako ikipoteza maji ya moto huku gesi inaendelea kupita, jiulize chuma chako kinaruhusiwa kufika baridi kiasi gani.

Hatua ya 9: andika kila kitu, hata ulichokikataa

Kwenye karatasi ya valvu andika kesi zote na sababu ya kuzikubali au kuziacha, maana atakayekuja baada yako anahitaji kujua ulifikiria nini. Na andika kipenyo na unene wa tyubu uliotumia. Miaka kumi ikipita tyubu zitabadilishwa, fundi atapata stoo zenye nje ileile ya 19.05 ila ukuta wa 1.65 badala ya 2.11, zinaingia vizuri, hazivuji, kila mtu anafurahi. Lakini tundu sasa ni 15.75, gesi ya mpasuko imeongezeka karibu asilimia 13, na kwenye sheli isiyo na maji ile 1,806 imeshakuwa kama 2,040. L yenye 1,841 haitoshi tena, inatakiwa M, ingawa valvu yenyewe hakuna aliyeigusa.